Herufi Nne za Alasiri Moja

Niliporudi kazini mwanzoni mwa Desemba 2024, nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye baraza ya ofisi ya chama chetu cha msingi, kanga moja ameifunga kiunoni na nyingine amejitanda kichwani, mkononi ameshika stakabadhi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyempimia korosho zake mwezi Oktoba na tangu siku hiyo alikuwa akiniita mwanangu. Nilipomuuliza kilichomleta mapema vile, alinijibu kwa swali ambalo mpaka leo nalisikia masikioni: "Mwanangu, hivi mimi ni mwizi?"

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Huku kwetu, korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari na ndiyo matanga. Mkulima huleta mzigo wake chamani, tunaupima, tunatenganisha daraja la kwanza na la pili, tunampa stakabadhi yake, kisha mzigo unasafirishwa kwenda ghala kuu kusubiri mnada. Mnada ukishafanyika na mnunuzi akishalipa, fedha huingizwa kwenye akaunti ya mkulima kwa kufuata orodha tunayoiandaa sisi. Kwa hiyo orodha ile ni kitu kizito. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, fedha za mtu hurudi zilikotoka, na mwenyewe hubaki akiangalia simu yake isiyolia.

Ndivyo ilivyomtokea bibi yule. Malipo ya mnada wa kwanza yalitoka siku ya Jumatano, na Jumatatu iliyofuata nikapata taarifa kwamba fedha zake zimerudi kwa sababu tarakimu ya mwisho ya akaunti yake iliandikwa 1 badala ya 7. Kosa lilikuwa dogo na tiba yake ilikuwa nyepesi: kumwingiza tena kwenye orodha ya awamu ya pili, ambayo ilikuwa itoke Jumatano ya wiki ile. Nilikuwa nyuma ya bodaboda nikitoka ghalani, vumbi limenijaa, mkono mmoja nimeshika kiti na mwingine nimeshika simu, nikamwandikia mhasibu wetu maneno haya: "Yule bb wa bondeni alpw J5. Ucjali 2taongea."

Hatukuongea. Usiku ule nilipigiwa simu kwamba dada yangu aliyeko Lindi amejifungua kwa upasuaji na hana mtu wa kumsaidia, nikaomba ruhusa, na alfajiri nilikuwa kwenye basi. Nilikaa Lindi wiki tatu.

Nilipoandika "alpw", moyoni mwangu lilikuwamo neno "alipwe". Mhasibu alipoisoma "alpw", machoni pake lilikuwamo neno "alilipwa". Na kwa nini asisome hivyo? Jumatano iliyopita malipo yalikuwa yametoka kweli, kwa hiyo ujumbe wangu ulimfikia kama taarifa ya karani kwamba amehakiki na bibi wa bondeni alilipwa Jumatano. Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema mbele ya jina lake kwenye daftari, na akaendelea na kazi nyingine. Bibi alipokuja kuuliza, alifunguliwa daftari na kuonyeshwa ile vema nyekundu. Alipokuja mara ya pili, alionyeshwa tena. Mara ya tatu walikuwapo wakulima wengine kwenye mzani, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wapo watu wazima wasioona haya kutaka kulipwa mara mbili.

Bibi alikuwa ameniletea kilo 186, zote daraja la kwanza, alizoziokota mwenyewe na mjukuu wake chini ya mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mjukuu huyo alikuwa amemaliza darasa la saba, na Januari alitakiwa kuripoti kidato cha kwanza akiwa na sare, viatu, madaftari na godoro. Ndiyo maana alikuja mara tatu, na ndiyo maana neno lile la kwenye mzani lilimkata sana. Kwetu mtu hudaiwa akalipa, hukosewa akasamehe, lakini kuitwa mwizi mbele ya watu wanaokujua tangu ujana wako ni jambo jingine kabisa.

Asubuhi ile tuliketi watatu ofisini: bibi, mhasibu na mimi. Mhasibu, ambaye ni mtu mwaminifu na amenizidi umri, alifungua simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, akanisogezea ujumbe na kusema, "Dada, si wewe mwenyewe umeandika kwamba alilipwa?" Nikamjibu, "Kaka, mimi nimeandika alipwe." Akausoma tena kwa sauti, nami nikausoma kwa sauti, kila mmoja kwa namna yake, na herufi zilikuwa zile zile nne, hazikumkatalia yeye wala hazikunikatalia mimi. Bibi alikuwa akitutazama kwa zamu. Hakuelewa tulichokuwa tukibishania, na sikupata maneno ya kumweleza kwamba heshima yake ya miaka sabini imevunjwa kwa sababu mimi niliona uvivu kuandika i na e.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuonywa, na si zamani. Ilikuwa Mei mwaka ule ule, siku zile za Kimbunga Hidaya, mvua ilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Babu yangu mzaa mama anaishi Mikindani pamoja na binamu yangu, kijana wa miaka ishirini na mbili. Mjomba aliyeko Dar es Salaam alikuwa akiulizia hali ya mzee kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na binamu yangu akajibu kwa maneno matatu: "Babu kazima jana." Kisha umeme ulipoendelea kukosekana, simu yake nayo ikaisha chaji.

Vijana husema hivyo kila siku. Fulani kazima, maana yake simu ya fulani haipatikani. Neno "simu" limekwisha kudondoka katika sentensi na hakuna kijana anayelitafuta. Lakini mjomba wangu ana miaka sitini, na kwake taa ndiyo inayozima, moto ndio unaozima, na mtu akizima basi roho imetoka. Aliandika "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun". Mama mdogo akafuata. Wakafuata watu ambao walikuwa hawajaandika chochote kwenye kundi lile tangu sikukuu. Mama yangu alinipigia analia, akiniuliza nani ataosha mwili, nani atachimba kaburi, na mjomba atapitaje Somanga ilhali barabara imekatika na sisi hatumcheleweshi maiti. Kwa takribani saa nne babu alikuwa amefariki katika nyumba saba, huku mwenyewe akiwa ukumbini kwake Mikindani anakula ubwabwa kwa samaki.

Wiki ile ile nilikwenda kumwona. Nilikuwa na hasira na binamu yangu na nikamsema sana mbele ya babu, lakini mzee hakuwa na hasira. Aliniomba nimwonyeshe hayo wanayoandikiana vijana, nami nikampitisha kwenye kundi, nikimsomea na kumfasiria: hii "xaxa" ni sasa, hii "cjui" ni sijui, "2po" ni tupo, "kbs" ni kabisa, "ktk" ni katika. Alisikiliza kwa makini ya mtu anayejifunza jambo. Yeye alijifunza kuandika chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, na kwa miaka mingi aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akaniambia kwamba nao walikuwa na njia ya kuandika bila irabu, kwa kuwa Kiarabu huandikwa hivyo na wenyewe wanaelewana. "Lakini Kiswahili tulikitia irabu," akasema, "fataha, kasra na dhuma, hata kwenye barua ya kuomba chumvi. Ukimwandikia mtu Kiswahili bila irabu, unamtuma akakisie."

Nilicheka wakati ule, nikaona ni maneno ya mzee anayekumbuka ujana. Miezi sita baadaye nikamwandikia mhasibu "alpw".

Tangu hapo nimeyatafakari sana maneno yale, na naamini babu alikuwa amegusa mzizi wa jambo lenyewe. Katika Kiswahili, silabi karibu zote huishia na irabu, na irabu hizo ndizo zinazobeba nani, lini, na kama jambo limetendeka au linaombwa litendeke. "Nimetuma" ni taarifa kwamba kazi imekwisha. "Nimtume" ni swali la mtu anayesubiri ruhusa. "Namtuma" ni jambo linaloendelea. Ziandike zote kwa mkato wa vijana na utapata "nmtm" mara tatu. Mtu akikuandikia "kt", huenda anakusudia kata, kiti, kuta, kati, kito au kote, na "bb" inaweza kuwa baba, babu au bibi, watu ambao hakuna anayetaka kuwachanganya. Kukanusha nako mara nyingi hukaa kwenye silabi moja nyembamba, na nimekwisha kumwona mtu akiifupisha hiyo hiyo. Sisemi kwamba lugha nyingine hazina mashaka ya namna hii. Nasema kwamba anayeacha irabu za Kiswahili huwa anatupa punje na kubaki na ganda.

Mazoea yenyewe yalianza kwa sababu ya maana, na sitaki kuwaonea waliokuwa nayo, kwani nilikuwa mmoja wao. Ujumbe mfupi wa simu, tangu ule wa kwanza uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, umekuwa na ukomo wa herufi 160. Ukizidisha, simu huugawa ukawa ujumbe wa pili, nawe hukatwa mara mbili. Nilipokuwa chuoni tuliishi kwa vocha ya jero, yaani shilingi 500, na aliyejua kubana habari za nyumbani, salamu na ombi la nauli ndani ya herufi 160 alikuwa ameokoa fedha ya chai. Tulifupisha kwa shida, kama mtu anavyofunga mzigo mdogo kwa sababu basi limejaa. Lakini siku hizi tunaandikiana kwenye mitandao ambayo haihesabu herufi, hakuna anayetozwa kwa ajili ya i na e, na bado tunafunga mzigo ule ule mdogo huku basi zima liko tupu.

Hapo sijazungumzia maneno ya mtaani, ambayo hayana herufi iliyopungua hata moja na bado yanaweza kukupeleka kusiko. Baba yangu mdogo anaishi Ruangwa, na mwanawe alikuwa anasoma Dar es Salaam, amepanga chumba Mbagala. Siku moja kijana alimwandikia: "Baba, naomba unirushie kilo 3 kabla ya Ijumaa, mwenye nyumba kanikalia kooni." Maneno yote yamekamilika, salamu imetangulia, adabu imo. Baba mdogo aliona ni jambo jema kwamba mwanawe anataka kumtuliza mwenye nyumba kwa zawadi ya kwao. Akaenda kwa akina mama wanaobangua, akachagua korosho nyeupe zisizovunjika, akapimiwa kilo tatu, akazipanga kwenye boksi, akalifunga kwa kamba na kulikabidhi kwa kondakta wa basi pamoja na nauli ya mzigo. Ijumaa kijana alipokea boksi Rangi Tatu.

Huko mjini, kama buku ni shilingi 1,000 na msimbazi ni shilingi 10,000, kilo ni shilingi 100,000. Kijana alikuwa anaomba shilingi 300,000 za kodi. Aliponisimulia alikuwa bado anashindwa kumweleza baba yake, kwa sababu mzee alikuwa amempigia jioni ile kwa furaha kumuuliza kama mwenye nyumba amezipenda. Mimi ndiye niliyempigia baba mdogo kumweleza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mtoto amesoma, angeniambia tu laki tatu, ningejua ninakopa wapi." Naliheshimu sana jibu lile. Hakulalamika kwamba lugha ya vijana imeharibika, alilalamika kwamba alikuwa tayari kubeba mzigo wa mwanawe na akapewa mzigo mwingine. Na kwa mtu wa Kusini, ambaye tangu utotoni ameisikia kilo ikitoka kwenye mzani wa korosho, neno lile lilikuwa na maana moja tu.

Hata chamani yalitukuta. Msimu wa kupulizia, bwana shamba aliweka picha ya mikorosho iliyochanua vizuri kwenye kundi letu, na vijana watatu wakaandika chini yake: "Hatari!" "Balaa hilo." "Noma sana." Walikuwa wanasifu. Mwanachama mmoja mzee, ambaye shamba lake linapakana na lile lililopigwa picha, alielewa kwamba ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umeingia, akakodi bomba siku ya pili na kupulizia salfa upya mikorosho ambayo alikuwa ameipulizia siku chache zilizotangulia. Alipoteza salfa, alipoteza ujira wa mpulizaji, na alipoteza siku. Alipoambiwa kwamba hatari ile ilikuwa sifa, alijiondoa kwenye kundi, na tangu wakati huo habari za chama humfikia kwa kusimuliwa, jambo ambalo kwangu mimi ni hasara kubwa kuliko ile salfa.

Kuna pia siku tulipoitisha kikao cha "J2", nasi tukakutana Jumapili bila kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, ambaye alikuja Jumanne. Alikuwa amehesabu siku za kazi kama alivyofundishwa kuzihesabu, Jumatatu ikiwa ya kwanza. Sisi tunahesabu kama majina yenyewe yanavyohesabu, kuanzia siku inayofuata Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano. Sikumlaumu, kwa sababu juma letu lenyewe lina tano mbili, moja ya Kiswahili katika Jumatano na nyingine ya Kiarabu iliyojificha ndani ya Alhamisi, na mtu akiandika "J5" kwa mgeni amemwachia kazi.

Baada ya asubuhi ile ya Desemba, niliamua jambo moja tu kwa upande wangu: ujumbe wowote unaohusu fedha, ugonjwa, msiba, safari au tarehe, nauandika kwa ukamilifu, na jina la siku nalifuatisha na tarehe yake. Mwanzoni vijana wa kundi letu waliniambia kwamba naandika kama barua ya serikali. Mmoja alinijibu "sawa mheshimiwa" kwa wiki nzima. Sikukasirika, ila sikuacha. Kitu nilichojifunza kwa vitendo ni kwamba kuandika kwa ukamilifu hakuchukui muda niliokuwa nikiudhania. "Alipwe" inazidi "alpw" kwa mibonyezo miwili ya kidole gumba, ilhali kulitafuta kosa la "alpw" kulituchukua siku nzima, daftari tatu na safari ya kwenda benki.

Na dada yangu wa Lindi bado tunafupishiana tunavyotaka. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mitano, akiniandikia "m2 kaamka" najua ni mtoto na najua ameamka analia. Mkato kati yetu ni kama utani, unaruhusiwa kwa sababu kila mmoja anajua mpaka wa mwenzake. Tatizo linaanza pale ninapouchukua mkato wa kitandani kwetu na kuupeleka kwenye daftari la malipo ya mtu ambaye hata hayumo kwenye mazungumzo. Bibi wa bondeni hakuandika ujumbe ule wala hakuusoma, na hata simu ya kuupokea hakuwa nayo. Hata hivyo yeye ndiye aliyeulipia, na nimeona mara nyingi kwamba ndivyo inavyokuwa: gharama ya mkato humwangukia mtu wa tatu, na mara nyingi ni mzee.

Fedha zake ziliingia wiki ile ile. Nilimwomba mwenyekiti anipe nafasi siku ya upimaji, watu wanapokuwa wengi, nikasimama karibu na mzani na kueleza kwamba bibi yule hakuwa amelipwa, kwamba alikuwa akidai haki yake, na kwamba kosa lilikuwa la maandishi yangu. Sauti ilinitetemeka. Yule aliyesema maneno ya kulipwa mara mbili hakuwapo siku hiyo, na nasikia kwamba mpaka leo wapo wanaosema karani alimtetea bibi kwa sababu ya kuletewa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku Kusini. Aliniletea kweli, wiki moja baadaye, bakuli moja lililofunikwa kwa kitambaa, na nilipotaka kukataa akaniambia kwamba anayekataa chakula bado ana neno moyoni. Nikala. Maneno ya watu sina namna ya kuyafuta, na hilo ninaishi nalo.

Januari alikuja tena ofisini, safari hii akiwa na simu ndogo ya vitufe anayoitumia pamoja na shemeji yake, mzee mwenzake anayeishi naye ua mmoja na ambaye mjukuu humwita babu. Mjukuu alikuwa ameripoti shuleni na alikuwa ameazima simu ya mwalimu wa bweni kutuma ujumbe wake wa kwanza. Bibi hajui kusoma. Alinipa simu kwa mikono miwili, akakaa kwenye benchi, akaweka kanga yake sawa kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni.

Ujumbe ulisomeka: "Shkm bb. Nmfka slm."

Nilimsomea sehemu ya pili kwanza, kwamba amefika salama, nayo nilikuwa na hakika nayo. Akashusha pumzi na kumshukuru Mungu. Kisha nikasoma, "Shikamoo", na kabla sijaendelea akaitikia "Marahaba, mume wangu" kwa sauti ya juu, akiiinamia simu iliyokuwa mkononi mwangu. Nikanyamaza. Akanitazama.

"Amemwamkia nani?" akaniuliza. "Mimi, au babu yake?"

Nilizitazama zile herufi mbili kwa muda mrefu. Nikamwambia ukweli, kwamba hapa pameandikwa herufi mbili tu na zinaweza kuwa yeye au mzee. Akafikiri kidogo, akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa langu, akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Basi mjibu," akasema. "Mwandikie kwamba ni bibi aliyeitikia. Na uandike bibi yote."